Shangazi Anavuja Upande wa Kulia

9 Februari

Mdogo wangu Spana,

Naanza kwa kusema wote wazima, ili usisome barua hii umeshika kifua. Wifi yako mzima, watoto wazima, Baba mzima, na mimi mzima kwa kadiri mtu wa umri wangu na kitambi changu anavyoweza kuwa mzima. Mgonjwa ni Shangazi tu.

Jana nilikwenda posta kukupigia simu, nikaambiwa laini ya huko kwenye mitambo yenu ya maji imekatika na haijulikani itarudi lini. Nikapayuka pale dirishani: "Lakini Shangazi anavuja!" Karani akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama tumeshampeleka hospitali. Mama mmoja kwenye foleni akanipa pole, akasema hata wa kwao alianza hivyo hivyo. Nikaona haya kueleza kwamba Shangazi ni gari. Nikaipokea ile pole, nikaondoka nayo.

Hali ni hii. Tangu ulipokuja kututambulisha kwa Mhandisi wako, Baba hana wimbo mwingine. Agosti, siku ya harusi yako, atakupakia kwenye Shangazi na kukuendesha yeye mwenyewe. "Mabinti wa watu nimewapeleka harusini maisha yangu yote," anasema. "Wangu hatapanda gari la kukodi." Ameshawaambia majirani, ameshamwambia muuza magazeti, na muuza magazeti akishajua jambo hakuna haja ya kulichapisha.

Lakini Shangazi wa leo si yule unayemkumbuka. Viti vya ngozi bado vipo, mbao za dashibodi bado zinang'aa, na pazia la dirisha la nyuma bado lipo, lile Baba aliloweka ili bibi harusi alie kwa staha. Ni injini. Zile silinda nane zilizokuwa zikinguruma kama paka aliyeshiba sasa zinatema oili. Gari lililokuwa likifika kwenye harusi kama mke wa balozi linaacha madoa uani kama mtoto mchanga. Wifi yako ameweka beseni chini yake. Kila asubuhi analitoa, ananionyesha kilichomo bila kusema neno, na unajua wifi yako asiposema neno nyumba inavyokuwa.

Gereji Baba hataki kusikia, tangu yule fundi aliyemkaza Shangazi kwa nyundo. Anayemgusa ni yeye au wewe uliyejifunza kwake. Na yeye kwa sasa hapendi kuinama. Ana ganzi kidogo mkono wa kushoto, nadhani kaulalia vibaya, si jambo la kukuandikia. Basi nimebaki mimi, mpiga picha za pasipoti, ambaye chombo kizito kuliko vyote nilichowahi kushika ni stendi ya kamera.

Oili inatokea juu ya injini, upande wa kulia, inashuka kwenye bomba la moshi na kuungua. Anavuja upande wa kulia, na anayelia ni mimi. Niambie nifanye nini. Andika taratibu, kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, maana ndiye huyo.

Msalimu shemeji.

Kaka yako,
Tabasamu


27 Februari

Kaka Tabasamu,

Nimecheka peke yangu chumbani mpaka jirani amegonga ukuta. Mwambie yule mama wa posta Shangazi anaendelea na dawa.

Sikiliza. Usikaze kitu chochote. Najua mkono unawasha. Mtu asiyejua injini akiona oili hukimbilia spana na kukaza, na gasketi iliyokazwa kupita kiasi hupasuka. Kwanza mwoshe. Oili ni mwongo, inatokea hapa na kuonekana kule. Mwoshe kwa petroli na brashi mpaka chuma kionekane, mkaushe, halafu chukua poda ya watoto umpake kote. Mwashe. Pale poda itakapolowa kwanza ndipo penye tatizo.

Ikiwa kweli ni juu upande wa kulia, basi ni gasketi ya kile kifuniko kirefu tunachokiita tapeti kava. Kuna viwili, kila upande kimoja. Nakutumia gasketi ya kulia kwenye kifurushi hiki. Fungua nati zote, toa ya zamani, kwangua mabaki kwa kipande cha mti, usitumie kisu. Weka mpya ikiwa kavu. Kukaza anzia katikati, kisha vuka huku na huku, kidogo kidogo, kama unafunga chupa ya maziwa ya mtoto. Ukisikia imegoma, acha. Usiipe "na moja ya mwisho." Nakujua.

Sasa niulize kitu. Kwa nini Baba hafanyi mwenyewe? Gasketi hii hainamiwi. Mtu anasimama tu. Na tangu lini ganzi ikamzuia yule mzee?

Huku ni pampu usiku na mchana. Zikifanya kazi kitanda kinatetemeka, zikisimama naamka kwa sababu ya kimya. Mhandisi anakusalimu. Yuko kazini sana.

Mdogo wako,
Spana


20 Machi

Spana, bibi mkubwa wa mafundi,

Poda niliipata. Ilikuwa ya wifi yako, ile ya kopo la waridi ambayo huwa anaitoa akialikwa mahali. Sikujua. Nilidhani poda ni poda. Shangazi alipakwa akawa mweupe kutoka mbele hadi nyuma, ananukia vizuri, na wifi yako alipotoka uani akamkuta amependeza kuliko yeye. Tumesameheana, lakini kwa mazungumzo.

Nilimwasha. Poda ikalowa, nikafuata maagizo yako kama mtoto wa shule. Nikafungua kifuniko cha kulia, nikakwangua kwa kijiti cha aiskrimu, nikaweka gasketi yako mpya, nikakaza kwa kuvuka. Sikuipa ile moja ya mwisho. Niliipa ya kabla ya mwisho, nati moja ikanikatikia mkononi. Imeshatolewa, usiulize ilitolewaje.

Matokeo: Shangazi anavuja vilevile, na nadhani kwa hasira zaidi.

Unauliza kuhusu Baba. Baba sasa ni mkurugenzi. Wakurugenzi hawashiki spana. Anakaa kwenye kiti chake kando ya injini na kazi yake ni kusema "Acha." Nikiinua spana, "Acha." Nikiiweka chini, "Sasa mbona umeacha?" Jana nimemwambia: "Mzee, chagua moja." Akasema, "Nachagua binti yangu." Hayo ndiyo maisha yangu.

Kwa kuwa kazi ya mtu ndiyo lugha yake, nakuambatishia picha mbili. Moja ya injini, ili uone nilivyofunga vizuri. Nyingine ya Baba akisimamia kazi. Nilimpanga mwenyewe, nikampa gazeti ashike ili aonekane mtu wa ofisini.

Mimi, nikuambie kweli, siku hizi situlii. Mteja anakaa mbele ya kamera, namwambia "tabasamu," na masikio yangu yako uani yanasikiliza matone kwenye beseni. Juzi nimempiga picha mtu akiwa amefumba macho, sikuona mpaka nilipoisafisha. Anasema ataitumia hivyo hivyo, labda mpakani watamhurumia.

Baba anauliza: tarehe ya Agosti imeshachaguliwa?

Tabasamu


8 Aprili

Kaka,

Nimeitazama picha ya injini. Umefunga vizuri. Umefunga vizuri upande wa kushoto.

Kulia kwa nani, kaka yangu? Wewe umesimama mbele ya boneti, unamtazama Shangazi usoni kama mteja, unasema "sogea kulia kidogo," kulia kwako. Gari halina kulia kwako. Kulia kwa gari ni kulia kwa mtu aliyekaa kwenye usukani anatazama mbele. Ukisimama mbele yake mnapishana, kulia kwake ni kushoto kwako. Na gasketi niliyokutumia haikukaa sawasawa kwa sababu si ya upande huo. Nikikusoma "kulia" tangu Februari nimekuwa natibu mguu ambao hauumi.

Kwa hiyo oili inatoka kushoto. Nakutumia gasketi ya kushoto. Safari hii kaa kwanza kwenye kiti cha dereva, nyoosha mkono wa kulia, sema kwa sauti "huu ndio kulia," kisha shuka ukafanye kazi. Usicheke. Na mimi Baba alinifundisha hivyo hivyo.

Kitu kingine. Kwenye picha naona oili nyuma kabisa, pale injini inapokutana na gia. Hiyo haihusiani na tapeti kava. Kama sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia oili, imechoka, injini itabidi ishushwe. Ikishushwa, basi ifunguliwe yote, ringi, beringi, sili zote, maana mtu hampandishi na kumshusha mzee wa namna ile kila mwezi.

Umeandika "nilimwasha." Tangu lini Baba anampa mtu mwingine ufunguo wa Shangazi?

Amependeza kwenye picha. Siku hizi anasoma magazeti?

Tarehe bado. Mwambie asiwe na haraka.

Spana


30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti cha dereva, nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti "huu ndio kulia." Wifi yako alikuwa anaanika nguo. Alichukua watoto akaingia nao ndani.

Unisamehe, lakini fikiria kazi yangu. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu nikiwaambia "kulia, kulia, hapana, kulia kwangu." Mtu mzima na suti yake anasogea ninavyotaka mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ana kulia kwake.

Injini tumeishusha. Jirani yetu mchimba visima ametuletea winchi yake, akaja na vijana wawili wenye mabega, Baba akasema "Acha" mpaka sauti ikamkauka. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, kwa hiyo injini ya Shangazi sasa hivi imekaa studio. Ndiyo. Katikati, juu ya magurudumu ya stendi, mbele ya lile pazia langu la bustani na maua. Nafungua sampo, lile bakuli la oili la chini, huku wateja wanasubiri kwenye benchi. Bwana mmoja aliyekuja kwa picha ya kitambulisho ameomba apigwe ameweka mkono juu ya injini. Wa pili wake akataka vilevile. Nisipoangalia, nitaishia kuwa na biashara.

Ndani ni masizi matupu, meusi, mazito kama lami. Nimetoa pistoni moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani kwa mpangilio zilivyotoka, kila moja na karatasi yake. Baba alizigusa zote. Ile ya kwanza aliishika mapajani muda mrefu kama mtu aliyeshika paka, akasema, "Hii imewasikia wote." Nikamuuliza wote akina nani. Akasema, "Mabinti. Wakiwa nyuma kule, wakifikiri dereva hasikii."

Sasa, mambo ya nyumbani. Wifi yako ana macho. Anasema shemeji alikuwa anatusalimu kwa mistari miwili, ikaja mstari mmoja, sasa hakuna hata neno. Nimemwambia mhandisi ni mtu wa mahesabu, anapunguza taratibu. Lakini na mimi nimeanza kuangalia.

Baba anauliza tena tarehe. Nimemwambia barua imelowa pale palipoandikwa.

Tabasamu


16 Mei

Kaka,

Kifurushi kina sili zote, za mbele na ya nyuma, gasketi ya sampo, ringi na beringi. Nimeandika kwenye kila kipande kinaingia wapi, na kulia na kushoto kwa wino mwekundu. Sili ya nyuma ipake oili mdomoni kabla ya kuiingiza, na iingie sawa pande zote. Ikienda upande, rudia.

Shemeji yako yuko safarini kikazi.

Tarehe huenda ikasogea. Sijui mpaka lini. Usiharakishe Shangazi kwa ajili yangu. Mfunge polepole. Mwambie Baba injini ya umri ule inataka miezi.

Spana


5 Juni

Spana wangu,

Tarehe ikisogea, na isogee. Hata sisi hatuna haraka. Nasema kweli, niliposoma mstari ule nilishusha pumzi mpaka wifi yako akaniuliza nilikuwa nimebeba nini. Agosti ina baridi, Agosti ina vumbi, nani anaoa Agosti? Jipeni muda. Shangazi naye apone vizuri.

Injini imerudi mahali pake. Studio inaonekana kubwa na ya kijinga bila yeye, na mteja mmoja amedai arudishwe. Kila sili mpya, kila gasketi kavu, kulia kwa kulia. Tulimwasha mbele ya mtaa mzima. Akashika kwa mara ya kwanza, Spana! Akanguruma ile sauti yake, muuza magazeti akapiga makofi, Baba akainamisha kichwa kama anasikiliza mtoto akisoma. Nikamlaza chini mtu mwenye kitambi, yaani mimi, nikatazama. Pakavu. Pakavu kabisa.

Nikainuka kupokea pongezi. Nilipolala tena chini kuonyesha wageni, anavuja.

Na si mahali pamoja. Mbele anavuja, nyuma anavuja, kwenye tapeti kava zote mbili, kulia kwangu na kulia kwake. Sili mpya, Spana, zile zile ulizoandika kwa wino mwekundu. Halafu kile kijiti cha kupimia oili, sijui kina jini gani, kilijisukuma chenyewe kikaruka juu na kunipaka usoni. Nimekirudisha, kikaruka tena. Majirani waliondoka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa. Nakaa nasimama. Nakwenda uani, natazama, narudi. Wifi yako anasema ninachakaza kizingiti. Baba yeye hasemi hata "Acha." Asubuhi anakwenda kukaa ndani ya Shangazi, kwenye kiti cha dereva, anafunga mlango.

Mimi nimeshindwa. Niambie nimekosea wapi.

Tabasamu


24 Juni

Kaka yangu,

Hujakosea. Kijiti kikiruka, tatizo si sili.

Injini ikiwaka hutengeneza upepo ndani ya tumbo lake. Upepo huo una njia yake ya kutokea, bomba dogo la kupumulia, linatoka juu ya tapeti kava moja na kurudi kwenye njia ya hewa. La Shangazi limeziba, kwa yale masizi uliyoyaona. Sasa upepo unakosa pa kutokea, unasukuma oili kwenye kila mshono. Ukiziba hapa, unatafuta pale. Ukiweka sili imara, unatafuta iliyo dhaifu, mwisho unarusha kijiti. Mimi ndiye nilipaswa kuliuliza tangu Februari, nikakutumia gasketi. Toa bomba lile, liloweke kwenye petroli, pitisha waya mpaka uone mwanga upande wa pili. Ni kazi ya kunywea chai.

Haya. Sasa la kwangu.

Nilipoandika hapo juu "tangu Februari," nilikwenda kuitoa barua yako ya Februari kuona ulisema nini. Umeandika Baba ana ganzi mkono wa kushoto.

Kushoto kwa nani, kaka?

Ulikuwa umesimama mbele yake, sivyo? Kama unavyosimama mbele ya kila mtu. Nikaitoa na ile picha. Baba aliyeshika gazeti. Baba hajawahi kushika gazeti, alikuwa anasomewa na muuza magazeti mlangoni ili wapate kubishana. Umemwekea gazeti ili lifunike mkono. Na mkono uliofunikwa ni wa kulia. Anaoshikia spana. Unaogeuza ufunguo wa Shangazi.

Na si ganzi. Ganzi haikai tangu mwanzo wa mwaka.

Nijibu ndiyo au hapana. Usinichekeshe.

Spana


11 Julai

Ndiyo.

Ni wa kulia. Kulia kwake.

Alikuwa ananyoa ndevu, wembe ukamwanguka, akauangalia tu pale sakafuni. Mdomo nao ulikwenda upande, lakini umerudi. Mguu anaukokota kidogo. Daktari anasema mkono unaweza kurudi na unaweza usirudi, na kwamba apunguze hasira, jambo lililomkasirisha. Tulipotoka hospitali aliniapisha kwenye baraza. "Ukimwandikia, ataacha kazi na ataacha harusi aje kunipangusa mate. Hadi Agosti mkono utakuwa umerudi." Nikakubali. Nilijua kwamba ningekuandikia kila kitu kingine ili nisiandike hicho, na ndivyo nilivyofanya, kurasa na kurasa za oili.

Asubuhi anapoingia kwenye Shangazi anauchukua ule mkono kwa mkono wa pili, anauweka kwenye usukani kama mtu anayeweka kifurushi juu ya kaunta. Kisha anapitisha wa kushoto chini ya usukani kuufuata ufunguo. Haufiki vizuri. Nilikuwa nasikia kutoka studio: kimya, ufunguo unagusa chuma, kimya. Ndiyo maana ulipoandika tarehe imesogea nilifurahi. Unisamehe, nilifikiri umetupa muda.

Bomba nililitoa siku ile ile barua yako ilipofika. Kilichotoka ndani si cha kuandikwa kwenye karatasi. Nilipitisha waya, nikalipuliza, nikalitazama kama darubini, nikamwona wifi yako upande wa pili akinitazama mimi. Nikalirudisha. Nikamwita Baba.

Safari hii hakunipa ufunguo. Alikaa, akajipinda, akajinyoosha, jasho likamtoka, mimi nikasimama na mikono yangu miwili isiyo na kazi. Akafika. Akaugeuza kwa mkono wa kushoto. Shangazi akalia, na yeye akalia. Nikajifanya natafuta spana chini ya gari, nikakaa huko mpaka alipomaliza.

Huku chini, Spana, pakavu. Nimelala nikingoja tone lidondoke usoni, halikudondoka. Kijiti kimetulia. Beseni limerudi kwa wifi yako, amelisugua kwa mchanga, sasa anasema hajui alifanyie nini.

Anaweza kumwasha. Kumwendesha hawezi. Anajua, ila hajasema. Wewe sema tukuambie nini, au umwambie nini. Na shemeji aelezwe, ni mtu wa familia.

Kaka yako


23 Julai

Kaka,

Asante kwa ndiyo yako.

Shemeji hayupo. Hajawahi kuwa safarini. Machi alihamishiwa ofisi kubwa, akanitaka niache karakana niende nikakae, kwa sababu hakuna mke wa mtu kama yeye anayenuka dizeli. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri nikiwa ndani ya pampu namba tatu, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, na nikajikuta nimeshamsahau nafikiria pampu. Nikamwandikia hapana. Hajajibu.

Sikuwaambia kwa sababu ya Baba na Agosti yake. Kila barua yako iliposema Shangazi bado anavuja nilipumua. Nilisema, acha avuje, akivuja hakuna anayeuliza. Nikakutumia sili, kaka, huku naomba zisizibe.

Sasa zimeziba. Mna gari zima, hamna harusi. Mzee amejipinda mpaka ameufikia ufunguo, halafu mimi nishuke stesheni na sanduku moja nimwambie nini? Nina likizo Agosti nzima, nilishaiomba kwa ajili ya sherehe. Sitakuja. Nije kufanya nini? Ukiona muda unafaa, mwambie imeahirishwa. Usimwambie zaidi ya hapo.

Wewe ndiye unayejua kumpanga mtu aonekane vizuri.

Spana


2 Agosti

Binti yangu,

Mkono huu wa kushoto haukusoma. Vumilia.

Barua yako nimeifungua mimi. Kaka yako yuko chini ya gari, inaonekana miguu tu. Shangazi havuji lakini yeye hatoki huko. Akitoka nitamwambia nimesoma. Atapiga kelele.

Yule Mhandisi alipokuja alibamiza mlango wa Shangazi. Nilinyamaza kwa heshima yako. Sasa nasema.

Unauliza uje kufanya nini. Mimi nilisema hutapanda gari la kukodi. Sikusema ukienda wapi. Ukishuka stesheni utahitaji gari. Tunalo.

Kaka yako anajifunza kuendesha. Ameshalikanyaga beseni la wifi yako, sasa halina swali tena. Kufika stesheni ataweza, kwa sababu ni barabara moja. Kurudi hataweza. Kurudi utaendesha wewe.

Miaka yote ile nimewapakia watu, sijui barabara inaonekanaje kutoka kule nyuma. Wifi yako amefua pazia.

Nitakaa nyuma, upande wa kushoto, pale wanapokaa mabinti. Kushoto kwa dereva.

Baba